Naomba ushauri: seti ya stesheni ya kizamani nataka iwe ya kisasa, ukuta nikatie nini?

Msasa Laini:
Wakuu, habari zenu. Nina seti ya stesheni ya treni ya plastiki, mfano mdogo wa kuunganisha mwenyewe, skeli ya HO, yaani 1:87, kila kitu kidogo mara 87 kuliko halisi. Jengo la ghorofa moja, paa la vigae, dohani mbili, saa juu ya mlango, visanduku vya maua madirishani. Mimi nataka iwe stesheni ya leo: dohani ziondoke, paneli za sola zikae juu ya paa, mbele pawe na ukumbi wa kioo, na lifti ya kupanda jukwaani. Kinachonisumbua ni ukuta wa mbele. Nataka kufungua uwazi wa sentimita 12 katikati na naogopa utapasuka. Nikatie nini? Ukiharibika sina mwingine. Usiku silali kwa ajili ya huu ukuta.

FundiWaya:
Mkuu, kabla ya ukuta panga taa. Watu hufunga paa ndipo wanakumbuka umeme. LED nyeupe kwenye volti 12, kila moja rezista (kipunguza umeme) ya ohmu 1,000, itadumu. Ndani paka nyeusi kwanza, nyeupe juu yake. Usipofanya hivyo, plastiki inapitisha mwanga na jengo zima linawaka kama kandili.

Msasa Laini:
Asante mkuu, hilo nitalifanya. Ila nimeuliza kukata.

Mchongaji_87:
Usikandamize kisu. Toboa tundu dogo kila pembe ya uwazi, maana ufa huanzia pembeni na tundu linauzuia. Kisha rula ya chuma, kisu kipya, pitisha taratibu mara 20 hata 30 mstari uleule. Kata ndani kidogo ya alama, halafu malizia kwa tupa. Nyuma ya ukuta gundisha kipande cha plastiki cha milimita 1, kwa sababu ukishautoa moyo unapinda.

Behewa la Mwisho:
Umenikumbusha yangu. Madirisha nilibandika kwa supa gluu, nikafunika paa, nikalala. Asubuhi vioo vyote vina ukungu mweupe. Kumbe mvuke wake ndio unaofanya vile. Miezi minne ya kazi! Mke wangu akasema abiria wamepumua sana. Nilicheka siku ya tatu.

Mama Vigae:
Msasa, hapo kuna neno umelimeza. Ukuta wa plastiki haumnyimi mtu usingizi. Seti ni ya nani? Na umeshaanza kukata, au bado?

Msasa Laini:
Ni yangu, ipo kwangu.

Mama Vigae:
Kuwa kwako si kuwa yako, mwanangu.

Msasa Laini:
Sawa, niseme. Ni ya baba. Aliinunua kabla sijazaliwa, kila mwaka anasema akistaafu ataijenga. Amestaafu, mikono inatetemeka. Mwezi uliopita alinipa sanduku akasema nimjengee kama picha ya kwenye kifuniko. Na ndiyo, nimeshaanza. Mkato wa kushoto umefika chini, wa kulia bado.

Lakini nielewe, mama. Baba sasa anatumia kiti cha magurudumu. Stesheni ya kwenye picha ina ngazi saba mlangoni na hakuna njia nyingine. Siwezi kumjengea jengo ambalo yeye mwenyewe asingeweza kuingia.

Mzee wa Ruti:
Nia njema, njia mbaya. Mali ya mzazi haikatwi kwa siri. Alikwambia kama picha. Ungemuuliza kabla hujashika kisu.

Mama Vigae:
Kulia usikate tena. Strasbourg, Ufaransa, jengo la stesheni ni la 1883, na mwaka 2007 waliweka paa kubwa la kioo mbele yake. Ukuta wa zamani upo uleule, unauona ukiwa ndani ya kioo. Fanya hivyo. Mkato wa kushoto uzibe kwa gundi ya plastiki na msasa.

Msasa Laini:
Nimewaza, ila mbele nina sentimita 9 tu, na hapo pana barabara ya mabasi. Nikisogeza ukumbi nje, barabara inakufa. Na nimeshanunua karatasi ya kioo kwa kipimo cha uwazi.

Saluti:
Wakuu, hii chai. Baba, kiti cha magurudumu, sanduku la tangu hajazaliwa. Plastiki ya umri huo ingekuwa njano na imepinda, asingeweza hata kuikata. Na picha hakuna. Mnalishwa.

Behewa la Mwisho:
Hata mimi nilishaanza kujiuliza. Weka picha mkuu.

Mchongaji_87:
Saluti, hapo umekosea. Kinachoigeuza njano ni jua. Ikikaa sandukuni gizani inabaki nzuri. Kinachokufa ni gundi ya ndani na stika. Msasa, stika zako zikoje?

Msasa Laini:
Ukigusa zinapukutika. Gundi imekuwa jiwe. Picha siweki, sanduku lina mwandiko wa baba na jina lake. Asiyeamini sina la kumfanya.

Saluti:
La stika mtunzi asingelijua. Nimekaa pale nasikiliza.

Msasa Laini: (siku mbili baadaye)
Nilimpelekea ukuta na mkato wake. Aliushika muda mrefu bila neno, mimi moyo unanidunda. Kisha akaniuliza mlango wa lifti nimeuweka upana gani. Nikasema milimita 8. Akasema hapiti. Alitaka sentimita 90 halisi, yaani milimita 10.3. Mteremko wa kwenda jukwaani nao aliukataa, anataka 1 kwa 12, yaani kupanda 1 kwa kila urefu wa 12. Jukwaa langu lenye kimo cha milimita 8.7 linahitaji mteremko wa milimita 104. Kwa hiyo barabara ya mabasi imehama yenyewe, na ukumbi unakaa mbele kama alivyosema Mama Vigae. Kulia sikati.

Sharti lake ni moja: saa irudi mahali inapoonekana. Nataka kuibandika kwenye kioo. Gundi gani haitaleta ukungu?

Behewa la Mwisho:
Gundi nyeupe ya mbao. Inakauka bila rangi. Weka tone dogo kwa njiti, na usiiguse hadi kesho.