Nataka kuanza kupiga picha za mkanda, nipo Moshi, naombeni muongozo

mwana_majengo
Wakuu habari za jioni. Nimepiga picha na simu miaka kibao ila sasa moyo umeangukia kamera za mkanda, zile za zamani kabisa. Kuna mzee hapa Mbuyuni anauza Zenit E na lenzi yake ya Helios, anasema nzima na haili betri. Niangalie nini kabla sijampa hela? Na mkanda ukiisha nasafishia wapi, maana studio nilizopita zote wanasema hiyo kazi waliacha zamani, sasa hivi ni paspoti tu.

FundiSakina
Mkuu mzee hajakudanganya, Zenit E haina betri kweli, Wasovieti walianza kuitengeneza 1965 na shata yake (pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga kwenye mkanda) ni springi tupu. Kile kidirisha chenye vipele juu ya lenzi ndo kipima mwanga, ila kwa umri ule vingi vimechoka, usikitegemee. Wewe nenda na tochi ya simu. Fungua mfuniko wa nyuma, chomoa lenzi (inafunguka kwa kuzungusha), nyanyua kile kioo cha ndani taratibu kwa ukucha ukikishika pembeni tu, mulika kwa mbele huku unaangalia kwa nyuma. Pazia la shata ni kitambaa cheusi, ukiona mwanga unapenya hata katundu ka sindano achana nayo, kila picha itakuja na doa. Halafu mulika lenzi yenyewe, ukikuta nyuzinyuzi nyeupe ndani hiyo ni fangasi. Vumbi kidogo sio tatizo.

Nai_wa_Njiro
Karibu sana mdogo wangu, utaipenda hii kitu. Kuhusu mwanga, jifunze kuusoma kwa macho, ndo utamu wenyewe ulipo. Jua likiwa kali weka apecha (tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo linafunguka zaidi) 16 na spidi ya shata iliyo karibu na namba ya mkanda (ISO iliyoandikwa kwenye boksi), yani mkanda wa 200 unatumia 250, wa 400 unatumia 500, basi. Wingu likitanda kama Moshi ya mwezi wa saba fungua mpaka 8 au 5.6, na ukiingia kivulini chini ya migomba fungua 4. Ukibaki na wasiwasi ongeza mwanga usipunguze, mkanda wa negativu unavumilia mwanga ukizidi kuliko ukipungua. Kibo wahi asubuhi mapema kabla mawingu hayajaifunika, na kama unapimia kwa programu ya simu elekeza kwenye majani sio kwenye theluji, ukipimia theluji picha nzima inakuwa giza. Alafu Helios hiyo ina pete mbili, lenga fokasi lenzi ikiwa wazi, ndo ufunge apecha kwa pete ya pili, watu wanasahau hapo.

Mrombo_AR
Kusafisha fanya mwenyewe nyumbani, ila anza na mkanda mweusi na mweupe kama HP5. Dawa zake unafanyia kwenye nyuzi joto 20, wakati wa rangi unataka 38 na isipande wala kushuka, inasumbua kwa anayeanza. Unahitaji tangi (kopo lisilopenya mwanga, lina spuli ndani ya kuviringishia mkanda), kipimajoto, dawa ya kutoa picha na dawa ya kuikaza, kati yake unasuuza na maji. Ukikauka unapiga negativu na simu juu ya skrini nyeupe ya tableti, uinyanyue kidogo isigusane na skrini, unageuza rangi kwenye programu. Mikanda ukiagiza kwa mtu anayeshukia KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) mwambie abebe mkononi, mashine za eksirei za mabegi yanayopakiwa chini ya ndege zinaichoma.

mwana_majengo
Asanteni sana aisee. Mrombo, kuingiza mkanda kwenye tangi nahitaji chumba cha giza?

Mrombo_AR
Hapana, kuna mfuko mweusi wa kuingiza mikono, au subiri usiku uzibe bafu na blanketi, isipenye hata taa ya barabarani. Ni kuuviringisha kwenye spuli tu, ukishafunga tangi washa taa mengine yote unafanya kweupe. Ila tafuta mkanda mmoja uliokwisha muda ufanyie mazoezi, kwanza ukiwa unaona, halafu umefumba macho, mpaka vidole vizoee. Na spuli iwe kavu kabisa, ikiwa na tone la maji mkanda unang'ang'ania katikati.