Aliyeacha sigara akabaki na nikotini: bima imtoze kama mvutaji?

Mleta hoja

Nchini Marekani, sheria ya bima ya afya ya 2010, maarufu kama Obamacare, inakataza kampuni ya bima kumpandishia mtu ada kwa sababu ana kisukari, presha au saratani. Vigezo vilivyobaki ni umri, eneo analoishi, idadi ya wanaokatiwa bima na tumbaku. Kwa tumbaku, nyongeza inaweza kufika asilimia 50. Kanuni inasema mtumiaji ni yule aliyetumia bidhaa yoyote ya tumbaku kwa wastani mara nne au zaidi kwa wiki, ndani ya miezi 6 iliyopita. Neno "moshi" halimo.

Sasa chukua mtu aliyevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, akaacha, na leo anatumia sigara ya kielektroniki au vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo. Bima inamweka kapu moja na anayeendelea kuvuta pakiti yake. Msimamo wangu: kinachostahili kutozwa ni moshi, si nikotini. Karibuni.

Wakala wa bima, Texas

Ndugu mleta hoja, nakuunga mkono, ila tusichanganye mambo, maana watu wetu wanalipa wasichodaiwa kwa kuchanganya. Nikotini ziko za aina mbili mbele ya sheria. Kibandiko, chingamu na vidonge vya kumung'unya vilivyoidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ni dawa. Si bidhaa za tumbaku. Sigara za kielektroniki ziliingizwa kwenye kundi la tumbaku kuanzia tarehe 8 Agosti 2016, na tangu Aprili 2022 hata nikotini iliyotengenezwa maabara bila jani la tumbaku imo. Makampuni mengi ya bima yanafuata mgawanyo huohuo.

Kwa hiyo aliyezima sigara ya mwisho tarehe 1 Mei na kuanza kibandiko, ikifika katikati ya Novemba anajibu "hapana" kwenye fomu, na ni jibu la kweli, hata kama bado anatafuna chingamu. Aliyezima siku hiyohiyo akahamia vepu, yaani sigara ya kielektroniki, anajibu "ndiyo". Wengi wenye vibandiko wanaweka "ndiyo" kwa uaminifu uliopitiliza, wakidhani swali linahusu nikotini.

Jambo la pili ni ruzuku, na hapa ndipo panapouma. Ruzuku ya serikali haigusi tozo ya tumbaku. Tuseme ada ni dola 500 kwa mwezi na ruzuku ni 450: unalipa 50. Ukiongezewa asilimia 50, ada inakuwa 750, ruzuku inabaki 450 ileile, unalipa 300. Karatasi inasema "asilimia 50" lakini mfukoni ni mara sita. Kwa mfanyakazi wa ghala mwenye watoto watatu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuwa na bima na kutokuwa nayo.

Wala usidanganye. Kampuni ikigundua haiwezi kukufutia bima kwa sababu hiyo, lakini inaruhusiwa kukudai tofauti yote tangu mwanzo wa mwaka wa bima. Na kabla ya yote angalia unaishi jimbo gani: California, New York, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island, Vermont na mji wa Washington DC hazina tozo hii kabisa.

Mtakwimu bima

Naomba nisimame upande wa pili, kwa sababu hoja ya "moshi tu" inaonekana nyepesi kuliko ilivyo. Kampuni haimwoni mteja, inaona fomu. Wanaotumia vepu si wote walioacha. Wapo wanaovuta sigara asubuhi na vepu kazini. Wapo walioacha wakarudi ndani ya mwaka. Ukifungua mlango wa "natumia nikotini lakini sivuti", watapita walioacha kweli pamoja na wasioacha, na gharama za hao wa pili zitagawanywa kwa kila mwenye bima, wakiwemo wasiowahi kushika sigara. Nionyesheni kwanza kipimo cha kuwatenganisha.

Mfamasia

Vipimo vipo, kila kimoja na kasoro yake. Waajiri wengi hutumia kotinini, mabaki ya nikotini mwilini, kwa mkojo, mate au damu. Nusu yake hutoka kwa takriban saa 16 hadi 20, kwa hiyo inaonekana siku kadhaa baada ya matumizi. Tatizo ni kwamba kibandiko cha miligramu 21 na sigara vyote vinatoa kotinini ileile. Anayefuata dozi ya kawaida ya aliyekuwa akivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, yaani wiki 6 za miligramu 21, wiki 2 za 14 na wiki 2 za 7, atashindwa kipimo hicho wiki zote 10, huku akifanya sawasawa alichoambiwa na daktari. Kwa hiyo ukiitwa kupimwa, andikisha dawa unazotumia kabla ya kutoa sampuli. Ukisubiri majibu, unaanza kukata rufaa.

Kipimo cha pili ni anabasini, kemikali iliyomo kwenye jani la tumbaku. Haimo kwenye kibandiko wala chingamu, kwa hiyo kinamtenga anayetumia dawa na anayetumia jani. Lakini anayetumia ugoro naye atakutwa nayo, ingawa havuti. Cha tatu ni kupuliza kwenye mashine inayosoma kaboni monoksaidi. Hiki ndicho kinachopima moshi. Kikomo huwekwa kati ya sehemu 6 na 10 kwa milioni. Kasoro yake ni muda: nusu ya gesi hiyo hutoka ndani ya saa 4 hadi 6, hivyo aliyevuta jana mchana anaweza kupita leo asubuhi. Mtakwimu, kipimo unachokitaka kipo. Kinachokosekana ni kampuni kukubali kukifanya zaidi ya mara moja bila taarifa ya mapema.

Nyongeza kwa wanaoacha sasa hivi: mipango mingi ya bima inatakiwa kulipia majaribio mawili ya kuacha kwa mwaka, kila jaribio na vikao vinne vya ushauri vya angalau dakika 10 na dawa za siku 90, bila wewe kuchangia na bila kibali cha awali. Sharti ni cheti cha daktari, hata kwa kibandiko kinachouzwa rafuni. Ukikichukua rafuni na kwenda nacho kaunta bila cheti, unalipa mwenyewe.

Mshauri wa wafanyakazi

Dada mfamasia amegusia waajiri, na huko kanuni ni tofauti na kwenye soko la bima la serikali. Mwajiri akiweka tozo ya tumbaku lazima aweke njia mbadala ya kuikwepa, mara nyingi kozi ya kuacha, na aitangaze kwenye kila karatasi inayotaja tozo. Kozi hiyo ukiimaliza tozo inaondoka hata kama bado unavuta. Naam, hata kama bado unavuta, wengi hawaamini. Mwenye vepu asiyetaka kugombana na mtu kuhusu maana ya tumbaku, apite hapo.

Maelekezo ya wizara ya kazi yanasema anayemaliza katikati ya mwaka apewe nafuu ya mwaka mzima. Kwa mfano, akimaliza Agosti arudishiwe na makato ya tangu Januari. Waajiri kadhaa walikata kuanzia siku ya kumaliza tu, na ndiyo moja ya sababu za mashauri mengi yaliyofunguliwa tangu 2024. Tahadhari: ukiikataa kozi mwanzoni mwa mwaka, mwajiri halazimiki kukupa nafasi ya pili mwaka huohuo.

Msomaji, Nairobi

Huku Kenya SHIF, mfuko wa bima ya afya wa taifa, inakata asilimia 2.75 ya mshahara, mvutaji na asiyevuta sawa. Kama mnataka mvutaji alipe zaidi, alipie dukani kwenye ushuru wa pakiti. Hakuna fomu, hakuna mkojo, na aliyeacha sigara anaacha kulipa siku hiyohiyo.

Mleta hoja

Mtakwimu, nakubali kwamba fomu peke yake haitoshi. Lakini tuangalie tozo yenyewe imefanya nini. Watafiti wa chuo kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa mwaka wa kwanza wa tozo hizi: wavutaji wengi zaidi walikosa bima, na kuacha sigara hakukuongezeka. Mtu anapoteza daktari ambaye angemwandikia kibandiko.

Na mkono wa serikali unapingana wenyewe. Oktoba 2019 FDA iliruhusu ugoro wa Kiswidi, General Snus, utangazwe kwamba kuutumia badala ya sigara kunapunguza hatari ya saratani ya mdomo na mapafu, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Anayeamini maneno hayo na kuhama sigara, bima inamtoza kama hajahama. Vifuko vya ZYN vilipata ruhusa ya kuuzwa Januari 2025, tena kama bidhaa ya tumbaku, si dawa ya kuacha, kwa hiyo hali ni ileile. Ninachopendekeza ni swali la fomu ligawanywe mara mbili: umevuta kitu kinachowaka ndani ya miezi 6, na umetumia nikotini nyingine. Tozo iende kwa la kwanza.

Mtakwimu bima

Maswali mawili nayakubali, kwa sharti la kupuliza mashine bila taarifa mara mbili kwa mwaka kwa anayejibu "hapana" la kwanza na "ndiyo" la pili. Akipatikana na moshi, alipe tofauti tangu Januari, kama kanuni ya sasa inavyosema. Mashine ni rahisi na majibu yanatoka hapohapo. Bila hilo, narudi nilipoanzia.