Naomba ushauri: bakteria wapenda baridi kwa sabuni ya kufulia

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima kutoka Bukavu. Kwa kazi yangu ya kumaliza masomo natafuta bakteria wapenda baridi, ambao vimeng'enya vyao (protini zinazoharakisha kazi za kikemia), kwa kuwa umbo lake hunyumbulika kuliko vya kawaida, huweza kuvunja protini za uchafu bila maji kuchemshwa, jambo lenye manufaa makubwa pale ambapo makala ya kupikia ni ghali. Nimeotesha udongo wa milimani kwenye ageri (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye maziwa kwa 4°C, na baadhi ya makoloni (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) yamezungukwa na duara angavu, dalili kwamba protini ya maziwa imevunjwa. Hata hivyo yanakua vizuri pia kwa 25°C, ilhali wapenda baridi halisi hawavuki takriban 20°C. Je, wavumilivu hawa wa baridi watanifaa? Na umeme ukikatika, nitunzeje baridi hiyo?