Gitaa la kuimbia na wagonjwa: nyuzi za nailoni au za chuma?

Chanda7
Wakuu, mwezi ujao naanza mafunzo ya tiba kwa muziki, upande wa sauti na gitaa. Nimebakiza magitaa mawili: moja la nailoni, moja la nyuzi za chuma. Bei hazipishani sana. Nichukue lipi?

SautiYaPili
Mkuu, hujasema utaimba na nani. Watoto? Wazee waliopoteza kumbukumbu? Waliopata kiharusi? Mmoja mmoja au kikundi? Bila hayo kila mtu atakusifia gitaa lake.

Fundi_Daraja
Nailoni. Seti ya kawaida ya chuma inavuta kilo 70 na ushee kwa jumla, nailoni ni kama 40, na mgonjwa akizigusa hazimuumizi vidole.

Ila kuna kosa linaloua magitaa mengi ya nailoni. Uzi unakatika, dukani kuna za chuma tu, mtu anafunga seti nzima. Siku za kwanza sauti inakuwa kubwa, anafurahi. Kisha ubao wa juu unavimba nyuma ya daraja (kipande kinachoshika nyuzi kwenye ubao huo), nyuzi zinapanda juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya shingoni), kubana kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) kunakuwa adhabu na noti zinatoka juu kuliko inavyotakiwa. Mwisho daraja linang'oka na vipande vya mbao, pengine mgonjwa akiwa mbele yako. Karatasi ikipita chini ya ukingo wa nyuma wa daraja, legeza nyuzi zote leo hii.

Mama Kwaya
Chuma kina kazi yake. Watu 15 wakiimba wodini na feni zinazunguka, nailoni inamezwa. Halafu shingo ya nailoni ina milimita 52 pale juu, ya chuma ni 43 au 44. Vidole vifupi vinajua tofauti hiyo.

Lakini jamani, tazameni na sauti. Wapigaji wengi huweka kila wimbo kwenye ufunguo wa G kwa sababu kodi zake ni nyepesi, mzee anashindwa kufika juu, ananyamaza, tunasema hataki kuimba. Sauti za wazee zimeshuka. Noti ya juu kabisa ya wimbo iwe A au B, si D. Kapo, kile kibanio cha shingoni, hupandisha tu. Ukitaka kushuka kutoka G hadi E, shika maumbo ya kodi za ufunguo wa D na ufunge kapo freti ya 2.

Chanda7
Samahanini, nilisahau. Ni waliopata kiharusi, wengi wanaelewa ila maneno hayatoki. Mmoja mmoja.

SautiYaPili
Hapo swali lenyewe limegeuka. Njia ya kurudisha usemi kwa kuimba, waliyoieleza watafiti Albert, Sparks na Helm mwaka 1973, haihitaji gitaa. Kaa mbele yake aione midomo yako, shika mkono wake wa kushoto, gonga kila silabi, silabi moja kwa sekunde. Noti ni mbili tu, so na mi. Silabi yenye mkazo inapanda. "Nataka maji": na (mi), TA (so), ka (mi), MA (so), ji (mi). Anza mdomo umefungwa, mmm. Kisha imbeni pamoja. Kisha wewe fifia katikati, amalizie. Kisha arudie peke yake. Ndipo umuulize, "Unataka nini?"

Fundi_Daraja
Bila ala sauti ya mwalimu inateleza chini. Kodi moja ya C kabla ya kila sentensi inatosha, so na mi zote zimo.

Mama Kwaya
Apige kwa mkono upi, na mmoja umeshika wa mgonjwa? Na tusichanganye mambo: mtu anaweza kuimba wimbo mzima wa kanisani na bado asiweze kuomba maji. Wimbo uliozoeleka unampa moyo, haurudishi usemi wenyewe.

SautiYaPili
Gitaa lije mwishoni. Litunie wazi, yaani nyuzi zitoe kodi bila kubanwa, D-G-D-G-B-D, yeye apanguse nyuzi kwa mkono unaofanya kazi, wewe ubane freti ya 5 na ya 7 kwa kidole kimoja. Nyimbo nyingi za kodi tatu zinapigika hivyo.

Fundi_Daraja
Na baada ya kila mgonjwa utalipangusa. Spiriti kwenye nyuzi ni sawa. Kwenye ubao uliopakwa shelaki (aina ya vanishi ya asili) inaiyeyusha. Huko tumia kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kikavu.

Chanda7
La nailoni lina kibandiko kinachosema limeng'arishwa kwa mkono. Hiyo ndiyo shelaki?