Shibori: Arimatsu, Kyoto au Tokushima?

Zuhura_Batiki (Tanga)
Habari zenu wapendwa. Natengeneza batiki na vitambaa vya kufunga, nauza sokoni. Sasa nataka kujifunza shibori, yaani ufundi wa Kijapani wa kufunga kitambaa kabla ya kukitia rangi, kwa fundi wa Kijapani mwenyewe, nikae mbele yake nione vidole vyake. Akiba yangu inatosha safari moja tu. Nilinganishieni: Arimatsu, Kyoto au Tokushima? Ninachokitafuta hasa ni ufungaji.

Bint_Nagoya
Dada Zuhura, nenda Arimatsu. Ni mtaa wa Nagoya, kando ya ile barabara ya kale ya Tokaido, na kazi hii ilianza pale mwanzoni mwa miaka ya 1600. Waliwauzia wasafiri taulo za pamba, na mpaka leo pamba ndiyo kitambaa chao, kama wewe.

Ila ujiandae kwa jambo moja. Kwa desturi ya pale fundi hushika mtindo wake mmoja maisha yote. Wa kumo (mikunjo kama utando wa buibui) ni wa kumo, wa kanoko (vitone vidogo) ni wa kanoko. Kuchora, kufunga, kutia rangi, kufungua nyuzi: kila hatua ina mwenyewe. Ukisema tu "nifundisheni shibori" watakuuliza ipi. Mimi ningechagua miura. Unavuta kitambaa kwa ndoana, unazungusha uzi, unaendelea. Hakuna fundo hata moja, kinachoshikilia ni mvuto wa uzi peke yake. Kitu kama hicho video haikufundishi, lazima mtu akushike mkono.

Hariri254 (Mombasa)
Naitetea Kyoto. Kanoko ya kule hufungwa kwenye hariri, kitone kimoja kimoja kwa ncha za vidole, na kimono iliyojaa vitone inaweza kula zaidi ya mwaka mzima. Kuna makumbusho ya shibori yanayopokea wageni na kuwafundisha. Ukitaka kujua ufundi huu unafika wapi, ni kule. Lakini kwa biashara ya pamba, nakubaliana na Bint: hariri itakumalizia mtaji.

Babu_Nili
Mnasahau rangi. Tokushima ndiko kwenye nili. Majani yaliyokaushwa hurundikwa, humwagiwa maji na kugeuzwa kwa takriban siku 100 mpaka yaoze vizuri; hiyo ndiyo sukumo. Kisha huchachushwa kwa maji ya majivu, chokaa na pumba za ngano. Hakuna kostiki wala haidrosalfaiti. Sisi tuliovuta harufu ya madawa hayo miaka nenda rudi tunajua thamani yake. Pale Aizumi kuna makumbusho ya nili, mgeni anachovya leso yake mwenyewe.

Zuhura_Batiki
Shikamoo babu. Na ufungaji je, Tokushima wanafundisha?

Babu_Nili
Marahaba mwanangu. Utafunga kidogo, lakini siyo kinachowapa jina. Kwa lengo lako, Tokushima iwe nyongeza.

FundiChande (Dar)
Kabla ya kukata tiketi, maliza yanayowezekana nyumbani. Kwa mtindo wa itajime unahitaji mbao mbili na kamba: unakunja, unabana, unachovya. Kwa mtindo wa arashi unazungusha kitambaa kwenye bomba la plastiki, unakaza uzi, unakisukuma kijikunje. Fundi asitumie muda wake kukuonyesha hayo.

Bint_Nagoya
Chande amesema kweli. Na suala la viza, dada: kwa siku chache ya utalii inatosha, na ule ukumbi wa shibori wa Arimatsu una maonyesho ya mafundi wakifunga. Ukitaka miezi, ipo viza ya shughuli za kitamaduni, ya watu wanaojifunza sanaa ya Kijapani kwa mtaalamu. Lazima upate wa kukupokea kwanza, na huruhusiwi kufanya kazi ya malipo bila kibali, kwa hiyo pesa ya kula utoke nayo nyumbani.

Zuhura_Batiki
Basi ni Arimatsu, na ni miura. Itajime naanza wiki hii. Bint, nakuandikia faragha unisaidie barua ya kuombea nafasi kwa Kijapani.