Mama kaacha vidonge vya presha kwa ajili ya dawa ya chupa, anasema hata wazungu walianza na miti. Wajuzi wa historia nisaidieni

MwanaMakulu:

Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, Makulu, naombeni mnisome mpaka mwisho.

Mama yangu ana miaka 63, presha anayo mwaka wa nane huu na vidonge alikuwa anameza kila asubuhi bila kukosa. Mwezi uliopita karudi sokoni na chupa ya maji ya nusu lita, ile ya plastiki, lebo imebanduliwa, ndani maji ya kahawia yana machicha chini na kifuniko kimezungushiwa nailoni. Kanunua elfu kumi na tano kwa jamaa mwenye spika juu ya gari. Kaambiwa inatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, uzazi, kibofu, macho na mafua, yote hayo chupa moja. Akaacha vidonge siku hiyo hiyo na hakutuambia. Wiki ya pili kaanguka jikoni akiwa anasonga ugali, mwiko bado upo mkononi, tukamkimbiza hospitali wakapima wakakuta 210 kwa 120. Mungu mkubwa karudi nyumbani ila mkono wa kushoto bado mzito, kikombe anashika kwa wa kulia tu.

Sasa nikimwambia aachane na hiyo chupa ananijibu, "Mwanangu, dawa zenu zote za hospitali zimetoka kwenye miti, hata wazungu walianza na miti, na bibi yako aliwalea kwa mizizi." Na mi nakosa jibu kwa sababu bibi kweli alitutibu. Nimewahi kusikia kwamba miaka ya 1800 huko Marekani na Uingereza watu walikuwa wanauza dawa za chupa barabarani hivi hivi. Ilikuwaje? Walikuwa waganga kweli? Nataka nimweleze mama kitu cha kweli, sitaki kumgombeza.

Mwl_Kongwa:

Pole sana mkuu, mpe na mama pole yangu. Nafundisha historia sekondari, niseme ninachokijua.

Kwanza mama ana hoja, usimbishie yote. Miaka hiyo kwenda kwa daktari huko kwa wazungu ilikuwa ni kujitoa mhanga. Tiba kubwa ilikuwa kukata mshipa na kumwaga damu, na kumnywesha mgonjwa kalomeli ambayo ni zebaki, mpaka mate yanamchuruzika na meno yanalegea, wakiona hivyo wanasema dawa inafanya kazi. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliugua koo Desemba 1799, madaktari wakamtoa zaidi ya lita mbili za damu kwa muda usiofika hata siku moja, akafa usiku. Sasa mkulima wa kijijini akishuhudia mambo kama hayo si atamkimbilia mtu wa miti? Mi ningekimbilia pia.

Ndipo anapoingia Samuel Thomson, alizaliwa 1769 jimbo la New Hampshire, mtoto wa wakulima maskini. Huyu alijifunza miti kwa mama mmoja mjane wa jirani yao, na akiwa mdogo kabisa anatafuta ng'ombe porini akatafuna jani moja linaloitwa lobelia, likamtapisha, akawa anawapa watoto wenzake watafune awaone wanavyotapika. Watoto wetu wa Kigogo wanaochunga wanajua mambo haya, kila jani lazima walionje. Baadaye mama yake mzazi akafia mikononi mwa madaktari na zebaki zao, hasira ile haikumtoka. Akatengeneza tiba yake, lobelia ya kutapisha, pilipili ya kuchoma ndani, na kufukizwa kwa mvuke mpaka jasho linatoka. Mwaka 1813 akapata hataza ya serikali, yaani haki ya kuwa yeye tu mwenye tiba hiyo, akawa anauza haki ya kutumia tiba hiyo kwa familia, dola 20 familia moja. Wakanunua kwa maelfu.

Ila na yeye sio malaika. Mwaka 1809 alishtakiwa kwa mauaji, kijana anaitwa Ezra Lovett alikufa baada ya kupewa ile ya kutapisha. Mahakama ikamwachia. Kwa hiyo tusiseme mti hauui, mti unaua vizuri tu ukizidisha.

Binti_Kondoa:

Dada/kaka Makulu pole. Mimi ni mfamasia, niongezee pale alipoishia mwalimu, maana chupa zenyewe zilikuja baada ya huyo Thomson na ni habari nyingine kabisa.

Wenyewe waliziita dawa za patenti, yaani za hataza, lakini karibu zote hazikuwa na patenti yoyote. Ukiomba hataza lazima uandike ndani umeweka nini, na hicho ndicho walichokuwa hawataki. Walichosajili ni jina na picha ya kwenye chupa. Mchanganyiko ukabaki siri.

Mfano ninaoupenda ni wa Lydia Pinkham wa mji wa Lynn, Massachusetts. Mume wake alifilisika kwenye mdororo wa uchumi wa 1873, na huyu mama alikuwa na dawa ya kina mama anaichemsha jikoni kwake na kuwagawia majirani bure. Mwaka 1875 familia ikaanza kuiuza. Ndani kulikuwa na mizizi kadhaa na mbegu za UWATU, huu huu uwatu wetu tunaowapikia wazazi kwenye uji maziwa yatoke. Ila kulikuwa pia na pombe karibu asilimia 18, wakati wanaonunua wengine ni kina mama wa kanisani wasiogusa pombe kabisa. Kwenye tangazo akaweka sura yake, mama mtu mzima mpole, akawaambia wanawake waniandikieni shida zenu. Wakaandika sana, kwa sababu walikuwa wanaona aibu kumweleza daktari mwanaume, na nani atawalaumu, mpaka leo dirishani kwangu mdada anasubiri wateja wote watoke ndio aseme kinachomsumbua.

Na zipo zilizoua. Sirapu ya Mrs. Winslow ya kutuliza watoto wanaoota meno ilikuwa na mofini. Mtoto analia, mama anampa kijiko, mtoto analala, mama anashukuru. Wengine hawakuamka. Hiyo sirapu iliuzwa miaka na miaka na chupa haikusema popote kwamba kuna mofini.

Vidonge vya Beecham vya Uingereza vilivyosifiwa kila ukuta, vilipokuja kupimwa vikakutwa ni shubiri, tangawizi na sabuni. Sasa shubiri itakuharisha sawa, ila hiyo orodha ya magonjwa iliyokuwa kwenye tangazo ni kama ya huyo jamaa wa spika.

Mzee_wa_Mvumi:

Mbukwenyi wanangu. Nimesoma hapa nikaona niseme la upande wetu, msidhani hizo chupa zilibaki kwao.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa hapa Ugogo, Mpwapwa, mnavuka nyika ya Marenga Makali mnaingia kwetu, msafara unasimama unalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi ndio unapewa ruhusa ya maji. Burton kapita 1857, Stanley kapita 1871 akimtafuta Livingstone. Wazungu hao homa iliwapiga vibaya. Livingstone alikuwa na vidonge vyake vya kwinini, ile dawa ya malaria, zebaki na dawa za kuharisha, na Januari 1867 wapagazi wawili walipotoroka na sanduku la dawa aliandika kwamba amejiona kama mtu aliyehukumiwa kifo.

Kulikuwa na chupa nyingine ya homa waliyoiamini sana, tinkcha ya Warburg. Yenyewe ilikuwa siri tangu miaka ya 1830, mwenyewe hakuitoa mpaka 1875 ndio ikatangazwa kuna nini. Wakakuta shubiri, manemane, zafarani, kafuri, shamari na mengine mengi, yaani duka lote la dawa za Kiarabu, na katikati ya hayo yote KWININI. Kilichokuwa kinatibu ni kwinini, gome la mti wa Peru, na yenyewe ilishajulikana kwa madaktari tangu Wafaransa wawili walipoitoa kwenye gome 1820. Miaka arobaini watu walilipia siri ambayo dawa yake ilikuwa inajulikana.

Sasa nikueleze kuhusu bibi yako, mwanangu, maana sikumjua yeye lakini mama yangu alikuwa wa namna hiyo. Ukimpelekea mtoto anaharisha, kwanza anamshika tumbo, anavuta ngozi ya hapa juu ya kitovu aone inarudi haraka au imelegea, anauliza kala nini, kaanza lini, anakojoa? Ndipo anakwambia nenda kachume majani ya mpera, machanga, yale ya nchani, mangapi, anakutajia. Unayachuma WEWE. Mti unaujua, kesho ukiugua unachuma mwenyewe bila kumuita. Na akiona ngozi hairudi anasema huyu si wangu, mpelekeni misheni. Mama alikuwa na magonjwa matano sita anayoyatibu na mengine alikuwa anakataa. Huyo wa gari kamshika mama yako mahali popote? Kamuuliza anameza nini?

Kijana_wa_Bahi:

Mi naona tunaanza kudharau tiba asili hapa. 2011 nchi nzima ilienda Loliondo kunywa kikombe cha babu kwa shilingi 500, mabasi yalitoka mpaka hapa Dodoma, mbona hatukumwita tapeli? Na hiyo dawa ya mseto ya malaria si imetoka kwenye mmea wa Wachina? Serikali yenyewe inatambua waganga.

Binti_Kondoa:

Kaka Bahi hakuna aliyedharau, na mseto ni mfano mzuri sana, ule mmea Wachina waliutumia kwa homa zamani hizo, wakauchambua mpaka wakajua kilichomo na kiasi cha kumpa mtu. Loliondo mti ulijulikana ni mugariga na watafiti waliweza kuuchukua kuuangalia. Lakini nimewaona kwa macho yangu watu wa ARV na wa sukari walioacha dawa baada ya kikombe, kwa hiyo hata pale palipokuwa wazi watu waliumia kwa kuacha.

Na serikali ndiyo inatambua, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, kuna Baraza, mganga anasajiliwa na dawa inasajiliwa. Muulize huyo wa spika cheti chake uone kama gari halitawashwa.

Huko Marekani waliozibana zile chupa walianza na kitu kidogo mno. Sheria ya 1906 haikupiga marufuku, ilisema tu usidanganye kilichomo, na kama umeweka pombe, kasumba, mofini au kokeini, andika kwenye lebo. Basi. Baadhi ya kina mama wakasoma wenyewe wakaacha kununua. Clark Stanley aliyekuwa anauza mafuta ya nyoka, yalipopimwa yakakutwa ni mafuta ya madini, mafuta kidogo ya mnyama na pilipili, nyoka hayumo, akatozwa faini ya dola 20 mwaka 1916. Ila mwanzoni kudanganya kwamba dawa inatibu kulikuwa kumeachwa, mwaka 1911 mahakama yao ya juu kabisa ikasema sheria inakataza uongo wa kilichomo, sio uongo wa kutibu, na kesi yenyewe ilikuwa ya dawa ya kansa! Bunge likarekebisha 1912.

MwanaMakulu:

Nawashukuru wote, mzee wangu shikamoo. Jana usiku nimemsomea mama yote, polepole, ameegemea mto. Kwenye Washington akaguna. Kwenye majani ya mpera akacheka akasema bibi alikuwa anataka majani saba na ukileta manane anatupa moja.

Alafu akaniambia nilete ile chupa. Akaishika na mkono wa kulia akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akasema humu ndani sijui hata mti mmoja. Amekubali kurudi kwenye vidonge, leo asubuhi tumepima 152 kwa 94, keshokutwa tunarudi kliniki na chupa naenda nayo.

Ila ana swali kwa Binti Kondoa, hajalala kwa ajili yake. Wale wanawake waliokuwa wanamwandikia yule mama wa uwatu shida zao, alipokufa nani alikuwa anawajibu?

Binti_Kondoa:

Msalimie sana mama. Yule mama alikufa 1883, na kampuni iliendelea kupokea barua na kuzijibu kwa jina lake kama yuko hai, zaidi ya miaka ishirini. Wanawake walikuja kujua 1905, gazeti moja lilipochapisha picha ya kaburi lake.