Mjadala: Mwenye duka akimalizwa na wema wake, alaumiwe nani?

Assalamu alaykum wana Amu (Lamu) na wote mnaosoma. Msimamo wangu nautaja mapema: kukataa kutoa si kosa. Kosa ni kukataa kwa kujificha nyuma ya mtu asiyekuwapo.

Hoja yatoka katika "Mtu Mwema wa Sezuan", mchezo wa jukwaani wa Mjerumani Bertolt Brecht, ulioonyeshwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1943, mwandishi akiwa uhamishoni kwa kuukimbia utawala wa Hitler. Miungu watatu washuka mji wa Sezuan, Uchina, kutafuta japo mtu mwema mmoja. Anayewapa malazi ni Shen Te, mwanamke anayeuza mwili ili ale. Wanamlipa zaidi ya dola elfu moja za fedha, naye ananunua kiduka cha tumbaku. Habari ikaenea. Familia ya watu wanane ikahamia dukani. Aliyemuuzia duka akaja kuomba mchele. Seremala akadai dola 100 za rafu, mwenye nyumba akataka kodi ya nusu mwaka kabla. Duka halijauza kitu na tayari limeliwa.

Ndipo Shen Te akavaa nguo za kiume na kinyago, akarudi akijiita Shui Ta, binamu. Binamu akawatimua wageni, akampa seremala dola 20 tu, na mwishowe akafungua kiwanda cha tumbaku ambamo wale wale waliolishwa bure wavuja jasho kwa ujira mdogo. Watu wampenda Shen Te na kumwogopa Shui Ta, bila kujua ni mmoja.

Binamu huyu twamjua. Kusi, ule upepo mkali, ikivuma, wenye vyombo vidogo hawatoki baharini, na daftari la duka lajaa majina ya wakopaji. Muuza duka akielemewa utamsikia: "Mwenyewe hayupo, na amekataza kukopesha." Mwenyewe ni yeye. Asema hivyo kwa haya, maana anayemnyima ni shemeji yake, au walisoma chuo kimoja. Lakini aliyenyimwa hawezi kuzungumza na mtu asiyekuwapo, hawezi hata kusema, "Basi nipe nusu." Na kuna lililo baya zaidi. Haya ile ile iliyomfanya aseme uongo ndiyo pia iliyomzuia asiwe mkali. Akishavaa sura ya mwingine, hana tena cha kumzuia. Leo binamu akataza mkopo, kesho amdai mjane mbele ya watu.

Dini yetu imeweka mpaka waziwazi. Sura Al-Israa aya 29 yakataza mkono uliofungwa shingoni, na yakataza pia mkono uliokunjuliwa wote hadi mtu akaketi kwa lawama na ufukara. Sahaba Saad bin Abi Waqqas alipotaka kuusia sehemu kubwa ya mali yake, Mtume (s.a.w.) alimruhusu theluthi, akasema hata theluthi ni nyingi. Zaka ya fedha ni mbili na nusu kwa mia. Nani hapo alihitaji kinyago?

Karibuni.

Langoni: Ndugu yangu, umesoma aya moja ukaacha nyingine. Katika Al-Hashr aya 9 Answari, wenyeji wa Madina, wasifiwa kwa kuwatanguliza wenzao ingawa wao wenyewe wamo dhikini. Wangeanza na hesabu ya mpaka, Muhajirina waliohama kutoka Makka wangelala wapi? Na huyo muuza duka wamtaka amwambie shemeji yake "sikupi" usoni. Huo ni uso mkavu. Twaishi ukuta kwa ukuta, twazikana, twaozana. Uongo mdogo wa kumstahi mtu wahifadhi udugu ambao ukweli wako utauvunja.

Mkomani: Mimi nauza mahamri mlangoni kwangu, na mimi ndiye niombwaye. Mbona hamkuzingatia kwamba Shen Te ni mwanamke? Shui Ta aliheshimiwa siku ya kwanza, hata kabla hajafanya lolote, kwa kuwa ni mwanamume. Mwanamume akikataa huitwa mwangalifu wa mali. Mimi nikikataa nina roho mbaya, na maneno yafika nyumbani kabla yangu. Mleta mada, wamdai ukweli mtu ambaye "hapana" yake haisikizwi.

Mokowe: Nyote mwawahukumu wadogo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliagiza wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Hasara hutangulia, fidia hufuata, na katikati mtu ala kwa daftari la duka. Miungu wa mchezo huo walitoa pesa mara moja, wakaenda zao, kisha wakarudi kuwa mahakimu. Hao ndio wa kuulizwa.

Mleta mada: Bi wa Mkomani, hilo la mwanamke ni kweli tupu. Lakini tazama kinyago kilimfikisha Shen Te wapi. Alishika mimba, tumbo likakua ndani ya nguo za Shui Ta, na akashtakiwa kwa kumuua Shen Te, yaani yeye mwenyewe. Ndiyo maana sitaki "hapana" iwe mzigo wa mtu mmoja mlangoni kwake. Kabla ya kusi, wazee wa mtaa na akina mama wa chama wakae pamoja wakubaliane kila nyumba ikopeshwe kiasi gani na wapi, ili anayekataa awe na mtaa mzima nyuma yake.

Mokowe, nakubaliana nawe kuhusu miungu. Shen Te alipofichua siri mahakamani na kulia kwamba hawezi kuishi bila binamu, walimjibu kwamba mara moja kwa mwezi inatosha, wakapaa kwa wingu la rangi ya waridi. Huo si uamuzi, ni kukimbia.

Lakini wa Langoni hajanijibu. Shui Ta alipofungua kiwanda na kuwafanyisha kazi wale aliokuwa akiwalisha, uongo wa kustahi ulikuwa bado mdogo? Kama sivyo, mtu ajue vipi siku ambayo umeacha kuwa mdogo?